Ndege Nyeusi na Kivuli Chake

Habari za mchana, ndugu zangu wa Mbeya. Hapa mezani kuna ndege tano za mfano, na tatu kati yake zina bodi nyeusi za nyuzi za kaboni. Hizo tatu ndizo mada yetu.

Nyuzi za kaboni zinapendwa kwa kuwa ni nyepesi na hazipindi ovyo. Tatizo ni kwamba zinapitisha umeme, na kinachopitisha umeme huyazuia mawimbi ya redio, yale yanayobeba amri za rimoti hadi kwenye ndege. Faibaglasi, kevlar, mbao za balsa na povu havina shida hiyo. Ndiyo maana baadhi ya glaida za kaboni hutengenezwa na pua ya kevlar au faibaglasi, ili resiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, ikae humo.

Enzi za rimoti za megahezi 35 jambo hili halikusumbua sana. Wimbi lilikuwa na urefu wa mita 8 na nusu, na antena ilikuwa waya wa kama mita moja ulioburuzwa nje hadi mkiani. Sasa tuko kwenye gigahezi 2.4, wimbi ni sentimita 12 na nusu. Antena yenyewe ni zile milimita 31 za mwisho, palipovuliwa ganda la waya. Sehemu iliyobaki ni njia tu. Ukizificha hizo 31 ndani ya bodi ya kaboni, umezitia kwenye sufuria na kufunika.

Kosa hili halionekani ndege ikiwa chini. Inaruka vizuri, inakwenda vizuri, kisha inalala kwenye kona. Boriti ya bawa, au hata betri, inakaa kati ya antena na rimoti, na kwa sekunde moja usukani hauitiki. Hapo utasikia, “Kuna mtu kaingilia masafa!” Hakuna. Ni kivuli.

Msiamini rangi, pimeni. Weka mita ya umeme kwenye omu. Ukigusa juu juu utadanganyika, kwa sababu resini haipitishi umeme. Kwaruza kwa msasa sehemu mbili, gusa hapo. Ikisoma omu chache au makumi, hiyo ni kaboni. Pimeni pia rangi zenye unga wa chuma na karatasi za kung'aa mnazofunikia mabawa.

Dawa yake: toboa matundu mawili ya milimita 3, pitisha mirija ya plastiki, kisha utoe antena nje. Milimita 31 zote zionekane, na sentimita 2 za ziada ziziweke mbali na kaboni. Antena mbili ziwe na pembe ya nyuzi 90 kati yao, kwa sababu antena husikia vibaya upande inakoelekeza ncha. Usiikate, usiikunje, usiilaze kando ya nyaya za mota. Kwa boriti ndogo, badala ya kaboni, mwanzi mkavu wa Iringa unatosha. Mbichi hapana: maji hunyonya gigahezi 2.4, na huo tuwaachie wagema ulanzi.

Kisha jaribu umbali. Weka rimoti kwenye hali ya nguvu ndogo, ndege juu ya stuli ya mbao, uende hatua 30 au kama kitabu cha rimoti kinavyosema. Mwenzako aigeuze: pua, mkia, tumbo, mgongo. Sevo, zile mota ndogo zinazosukuma usukani, zisisite hata upande mmoja. Rudia mota ikizunguka, ndege imefungwa imara na hakuna mtu mbele ya panga, yaani propela. Ikifaulu mota ikiwa imezimwa na kushindwa ikizunguka, usiilaumu kaboni: ni kelele ya umeme ya kidhibiti cha mota, au volti 5 zinazolisha resiva zinashuka sevo zikivuta pamoja hadi resiva inajizima na kuwaka upya. Nadhani kaboni husingiziwa sana makosa ya umeme.

La mwisho kabla ya kwenda uwanjani: vua panga, washa mota, zima rimoti. Mota isiposimama, ndege hiyo hairuki leo.