Usijaze Pengo: Kuingiza Kumbukumbu za Zamani za Hali ya Hewa Kwenye Kompyuta

Ndugu zangu, kwamba madaftari haya ya zamani ya hali ya hewa yanaoza na lazima yapigwe picha, tumeshakubaliana. Nianzie pale kazi inapoharibikia: mtu amekaa, picha ya ukurasa iko upande huu, jedwali tupu upande ule, anaanza kuandika.

Andika kilichoandikwa. Basi! Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia. Mpimaji ameweka sifuri, andika sifuri. Ameweka kistari, andika kistari. Ameacha wazi, acha wazi. Hayo ni mambo matatu tofauti. Sifuri ni mtu aliyekwenda hadi kwenye kipimamvua, akatazama, akakuta pakavu. Nafasi tupu huenda ni siku kavu, huenda mpimaji alikuwa kitandani na homa.

Tutazame ukurasa mmoja wa mvua, wa inchi. Tarehe 6 tupu. Tarehe 7 tupu. Tarehe 8 pana 1.42, na pembeni mkono wa mpimaji umechora mabano marefu yanayozishika siku zote tatu. Maana yake maji ya siku tatu yamepimwa kwa mkupuo. Mwandikaji mwenye haraka anajaza sifuri mbili, kisha 1.42. Amezua siku mbili kavu ambazo pengine zilinyesha, na siku moja ya milimita 36 ambayo pengine haikuwapo. Atakayekuja kuhesabu siku za mvua kubwa ataihesabu na hiyo. Mabano hayo yaingizwe kwenye safu ya maelezo, kila yanapoonekana.

Mtaniuliza: na kosa likiwa wazi kabisa? Joto la juu 61, la chini 74, si ni wazi amepishanisha safu? Pengine. Andika 61 na 74 vilevile, weka alama, marekebisho yafanyike kwenye nakala nyingine pamoja na sababu yake. Ukisahihisha kimyakimya, hakuna atakayejua kipi ni cha mpimaji na kipi ni chako.

Vipimo navyo msiviguse. Inchi ni milimita 25.4, kompyuta itazidisha safu nzima mara moja, bila kuchoka. Kwenye barometa ya zebaki, yaani kipima mgandamizo wa hewa, ingizeni pia usomaji wa kipimajoto kilichofungwa juu yake, maana bila huo hamwezi kuurekebisha mgandamizo wa hewa kulingana na joto la zebaki.

Jumla iliyo chini ya ukurasa watu huiruka, na ndiyo mlinzi wenu. Iingizeni, kompyuta ijumlishe siku zote, ilinganishe. Tofauti ikiwa 0.27, jueni 27 inagawanyika kwa 9, na hiyo mara nyingi ni dalili ya tarakimu mbili zilizopishana: 0.36 imeingizwa 0.63. Mkikagua picha msione kosa lenu, basi mpimaji ndiye aliyekosea kujumlisha. Wekeni alama, jumla yake iacheni.

Kila ukurasa uandikwe na watu wawili wasioonana, wa tatu aamue wanapotofautiana. Msiseme watu hawapatikani. Mwaka 2020 nchini Uingereza, mradi wa Rainfall Rescue ulipata maelfu ya waliojitolea, wakanakili karatasi takriban 65,000 za mvua.

Mvua iliyosomwa saa tatu asubuhi ni ya jana au ya leo? Wapimaji walitofautiana, hivyo acheni tarehe ya kwenye karatasi.

Muda umekwisha, picha nizitaje mbiombio. Kamera iangalie chini wima, taa mbili za pembeni kwa nyuzi 45, picha za rangi ili wino na penseli vitofautike, nukta 300 kwa inchi au zaidi. Jina la faili: kituo, mwaka, mwezi, ukurasa. Pigeni na jalada, maana humo ndimo huandikwa kituo kimehamishwa lini. Na kurasa tupu pigeni. Mkiziruka, atakayefuata hatajua kama mwezi ule haukupimwa au picha ilisahaulika.