Muda wa Dawa na Usomaji wa Ini kwa Siti Skani
(Mhadhara kwa wanafunzi wa udaktari, Moshi)

Waheshimiwa walimu, ndugu wauguzi na wanafunzi,

Ini hupokea damu kwa njia mbili: takribani robo tatu huletwa na mshipa mkuu utokao matumboni, na robo inayobaki huletwa na ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Asiyelikumbuka jambo hilo anapofungua picha za siti skani, mashine ya mionzi inayouonyesha mwili vipande vipande, atakuwa anatazama vivuli tu.

Kabla ya kuchoma dawa ya kung'arisha picha, tunapima msongamano wa nyama kwa kipimo chenye jina la Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ya siti skani ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza jijini London mwaka 1971, mwaka uleule hospitali ya KCMC ilipofunguliwa hapa kwetu. Maji ni 0; ini lenye afya huwa kati ya 50 na 65 hivi, likiizidi bandama kidogo; likishuka chini ya 40, mafuta yamelijaa.

Ila jambo kubwa ni muda. Dawa ya kung'arisha ikishaingia mshipani, tunapiga picha kwenye sekunde ya 35 hivi, kisha ya 70, kisha baada ya dakika 3 au zaidi. Chukueni mgonjwa ambaye homa ya ini B imekwisha kulijaza ini lake makovu. Katika picha ya kwanza kinundu kimoja kinawaka kuliko nyama inayokizunguka, kwa sababu saratani ya ini hunywa damu ya ateri. Katika picha ya mwisho kinundu kilekile kimefifia na kuwa cheusi, kimezungushiwa ukingo mwembamba kama uzi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, mara nyingi hatuhitaji hata kuchukua kinyama cha kupima maabara. Uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani huwaka kwanza pembeni, madoa madoa, kisha mng'ao hujongea taratibu kuelekea katikati. Tukipiga picha kwenye sekunde ya 70 pekee, saratani inaweza kufanana na ini, ikapita bila kuonekana. Ninaumia kila ninapopokea bahasha ya picha zilizopigwa mara moja tu: mgonjwa amelipa, amepigwa mionzi, na swali lake limebaki palepale.

Kwa mfugaji wa Loliondo au Ngorongoro, lengelenge kubwa la maji lenye vilengelenge ndani yake ni dalili ya tegu wa mbwa, mnyoo ambao mtu huupata kutoka kwa mbwa. Msilichome sindano kwa pupa, kwani maji yake yakimwagika huweza kuleta mzio wa kuua.

Basi kwenye fomu msiandike "maumivu ya tumbo" mkaishia hapo. Andikeni kama ana homa ya ini B na kama anaishi na mbwa, ili mpiga picha ajue sekunde zipi asizikose.