Mpwa Kanipita Rifandi

SELE: Tunarekodi? Haya. Dada Zuu, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba. Mbona umenuna?

SELE: Sijanuna, nina hesabu kichwani hazikai. Wiki hii kazini kuna mama mmoja simtaji, yeye patitaimu, tuko breki ananionesha simu, hela ya IRS, wale watu wa kodi wa Marekani, imeingia, dola 10,700 na kitu. Mimi fultaimu, mwaka mzima sijakosa hata siku ya theluji, nimerudishiwa 212. Mia mbili na kumi na mbili, dada.

ZUHURA: Ana watoto?

SELE: Watatu. Anawalea peke yake.

ZUHURA: Si ndo hapo sasa. Watu wengi wanadhani rifandi ni ile hela uliyokatwa ikazidi, inarudi, basi. Kuna nyingine hata hukuwahi kukatwa. EITC, nafuu ya kodi, ipo tangu 1975, ni ya mtu anayefanya kazi lakini kipato chake kidogo, inafuta kwanza kodi unayodaiwa halafu kinachobaki unapewa mkononi. Kwa mwaka wa kodi wa 2024 mwenye watoto watatu na kuendelea inafika hadi 7,830. Asiye na mtoto mwisho wake 632.

SELE: Mia sita. Haki iko wapi.

ZUHURA: Na wewe hata hiyo huipati, mshahara wako umeshavuka. Sasa ongeza nafuu ya watoto, kwa mwaka huo huo wa 2024 ilikuwa 2,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 17, na humo hadi 1,700 uliweza kupewa taslimu hata kama kodi yako ni sifuri. Ila haiji yote, wanapiga asilimia 15 ya kile ulichopata juu ya 2,500. Chukua mtu wa 22,000 kwa mwaka, watoto watatu, yuko kama mkuu wa kaya, kodi yake ya mapato ni kama haipo, EITC anaipata nzima, ya watoto inampa karibu 2,900. Elfu kumi hiyo imeshapita, bado hajarudishiwa walichomkata.

SELE: Ndo maana alisubiri sana, alijaza Januari hela ikaja mwisho wa Februari.

ZUHURA: Sheria ya 2015 hiyo. Rifandi yenye hizo mbili haitoki kabla ya katikati ya Februari, wanataka muda wa kukagua, wajanja walikuwa wanaandika mishahara hewa.

SELE: Sawa. Sasa nikiwa kwenye gari narudi nikajiambia, Sele, wewe huna mtoto, lakini nyumbani una nani?

ZUHURA: Usiniambie.

SELE: Nina Mgeni!

ZUHURA: [anacheka] Jamani Mgeni bado yupo? Wasikilizaji mnamkumbuka Mgeni, alikuja kwa wiki mbili.

SELE: Yupo. Sofa imeshachukua umbo lake.

ZUHURA: Si waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?

SELE: Nimempa. Ameliweka chini ya sofa. Sasa swali langu ni la kisheria kabisa. Huyu ni mtoto wa dada yangu, kalala kwangu mwaka wote wa 2024, anakula kwangu, maji ya moto anaoga kwangu nusu saa, kwa nini nisimwandike kwenye kodi?

ZUHURA: Undugu wake unakubalika, hapo uko vizuri. Mtoto wako, wa kambo, wa kulea uliyekabidhiwa rasmi, ndugu zako, na waliozaliwa na hao wote. Mpwa yumo. Binamu hayumo, hata kama mmenyonya ziwa moja. Halafu awe amekaa na wewe zaidi ya nusu mwaka.

SELE: Sofa itatoa ushahidi.

ZUHURA: Umri?

SELE: Ishirini.

ZUHURA: Anasoma?

SELE: Anasoma menyu.

ZUHURA: [anacheka] Basi kagonga mwamba. Awe chini ya 19, au chini ya 24 lakini mwanafunzi wa fultaimu kwa miezi mitano ya mwaka. Iliyobaki ni kumwandika kama ndugu tegemezi, hiyo ni 500, na haiji mkononi, inapunguza tu kodi yako. Na kipato chake chote cha mwaka, kwa 2024, kilitakiwa kiwe chini ya 5,050.

SELE: Hapo ndo pananiuma zaidi. Mgeni alifanya kazi. Septemba mpaka Desemba, ghalani, zile kazi za msimu wa sikukuu, kapata kama 12,600.

ZUHURA: Kwa hiyo kakutoka.

SELE: Kanitoka, tena kajaza kodi mwenyewe kwa simu akiwa amelala, muulize karudishiwa ngapi.

ZUHURA: Ngapi?

SELE: 980.

ZUHURA: [anacheka sana] Mpwa kakupita!

SELE: Mara nne na ushee! Mtu wa sofa!

ZUHURA: Ngoja, ngoja nieleze maana hii ni sababu ya pili ya rifandi kuwa kubwa na nilikuwa nimeiandika kabisa hapa. Mwajiri akikukata kila wiki, hajui utafanya kazi mpaka lini. Anachukua mshahara wa wiki hiyo anauhesabu kana kwamba utaupata mwaka mzima. Mgeni alikuwa anapata kama 900 kwa wiki, kwa hiyo mfumo ukamwona ni mtu wa 46,800 ukamkata kama mtu wa 46,800. Mwaka umeisha ana 12,600, na kile kiasi cha kipato kisichotozwa kodi, kwa asiye na ndoa mwaka 2024 kilikuwa 14,600. Hana kodi ya mapato hata senti. Yote inarudi. Ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, pensheni na matibabu ya uzeeni, ndo hairudi.

SELE: Na unajua kanunua nini? Hedifoni. Ili asinisikie nikimwambia atafute kazi.

ZUHURA: Mimi nampenda huyu kijana.

SELE: Njoo umchukue. Nakupa na sofa.

ZUHURA: Sofa sitaki, ina umbo la mtu. Lakini niseme kitu, mimi yangu pia kubwa, na naifanya makusudi. Kwenye W-4, ile fomu ya kumwambia mwajiri akukate kiasi gani, ule mstari wa 4(c) nimeandika wanikate dola 100 za ziada kila mshahara.

SELE: Hapana. Dada Zuu. Hapana! Unaikopesha serikali hela yako mwaka mzima bila riba halafu Machi unashangilia wakikurudishia?

ZUHURA: Nashangilia ndiyo. Ni kibubu kisichovunjika.

SELE: Si uweke benki, akaunti ya akiba, angalau ikupe hata kariba kadogo?

ZUHURA: Benki naweza kuitoa. Ijumaa usiku simu inaita, fulani kalazwa, fulani ada, fulani anaoa mara ya tatu, wewe unaijua hiyo simu. Hela ikiwa IRS nasema sina na ni kweli sina. Siongopi.

SELE: Na huku kredit kadi inakula asilimia ishirini na kitu. Unayo, usinikatalie, ulisema mwenyewe hapa hapa. Hizo mia zingelipa kadi.

ZUHURA: Zingelipa kadi ya nani? Zingelipa harusi.

SELE: Basi tatizo ni kusema hapana, sio kodi!

ZUHURA: Wewe unayemshindwa Mgeni ndo unanifundisha kusema hapana?

SELE: ...Hiyo ni tofauti.

ZUHURA: Tofauti ipi?

SELE: Ni tofauti, na bado serikali haikupi riba.

ZUHURA: Na bado nina hela Machi na wewe una 212.

SELE: Lakini mimi nilikuwa nazo Juni!

ZUHURA: Ziko wapi?

SELE: Tuendelee.

ZUHURA: Hatuendelei, shifti yangu inaanza. Nilikuwa na mambo matano hapa, tumegusa mawili, Mgeni kala mengine.

SELE: Sema hata moja, kuna msikilizaji kaniuliza ile video inayosema kila mwenye gari anaweza kudai nafuu ya mafuta kwenye kodi.

ZUHURA: Aiache. Fomu 4136 ni ya mafuta ya mashambani, mitambo ya biashara isiyopita barabarani, vitu hivyo, sio gari lako la kwenda kazini. Ukipeleka fomu ya kipuuzi kuna faini ya 5,000. Na mtu anayekujazia kodi akikataa kuweka sahihi yake na PTIN, namba yake ya usajili ya IRS, au akitaka asilimia ya rifandi, nyanyuka uondoke, akishatoweka wewe ndo utadaiwa.

SELE: Na bonasi? Mbona bonasi wanaikata sana?

ZUHURA: Mara nyingi asilimia 22 moja kwa moja, ila hiyo ndefu, wiki ijayo. Funguo zangu ziko wapi?

SELE: Umezikalia. Na kuhusu riba sijakubali.