Kinubi Kilichovunjwa kwa Tingatinga

Ndugu zangu, nitalirudia hili mpaka lisikike. Kila tukizungumzia wanawake weusi katika sanaa, hakosekani wa kuuliza: kama walikuwepo, mbona kazi zao hatuzioni? Huyo hajauliza plasta ni kitu gani.

Mchukueni Augusta Savage, mchongaji mweusi wa Marekani. Mwaka 1939, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, alisimamisha sanamu ya karibu meta 5 iliyoitwa The Harp, yaani kinubi. Itazameni kwenye picha: waimbaji 12 weusi wamepangwa kuanzia mrefu hadi mfupi, mikunjo ya majoho yao ikishuka wima kama nyuzi, na chini yao mkono mmoja mkubwa umewabeba wote.

Sanamu ile ilikuwa ya plasta, yaani jasi iliyochanganywa na maji ikaganda, na plasta ni kituo cha njiani tu. Unafinyanga udongo, unatoa kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia, unamimina plasta. Gharama zinaanzia hapo: kalibu nyingine, tabaka la nta, kuyeyusha nta itoke, kumimina shaba mahali ilipokuwa nta, kisha kuunga vipande na kusugua viungo visionekane. Ukiishia kwenye plasta, mvua inailainisha na pigo dogo linaipasua. Savage hakuwa na fedha za shaba wala za ghala. Maonyesho yalipofungwa, tingatinga likaivunja. Zimebaki picha na vinakala vidogo vya ukumbusho.

Mtasema hata kazi za wanaume weupe zilibomolewa pale. Sawa, lakini mwenye mfadhili humiminiwa shaba, na shaba haivunjiki kwa teke!

Mwaka 1971 mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin aliuliza kwa nini hakujawa na wasanii wakubwa wanawake, akavinyooshea kidole vyuo na taasisi. Vema. Ila Savage chuo alikipata, Cooper Union, na Paris akafika. Kilichomshinda ni bili ya shaba. Hilo nalo liandikwe.

Muda unanibana. Mwanamke mwingine mweusi, Edmonia Lewis, alichonga The Death of Cleopatra, yaani kifo cha Kleopatra, kwa marumaru, ikaonyeshwa Philadelphia mwaka 1876. Baadaye iliwekwa juu ya kaburi la farasi karibu na Chicago, ikatupwa yadi, ikapakwa rangi ovyo. Lakini ni jiwe, ikadumu. Leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani.

Na Harriet Powers wa Georgia, aliyezaliwa utumwani: kwa mfarishi wake wa vipande 11 vya visa vya Biblia alitaka dola 10, akapewa 5. Mnunuzi, Jennie Smith, aliyaandika maelezo ya Powers kipande kwa kipande, ndiyo maana leo tunajua kila umbo pale ni nani.