Jinsi ya kupima ukuaji wa mtoto wa awali: uzito, kimo na wepesi wa viungo

Habari zenu walimu wenzangu, nanyi wazazi. Leo tunapima watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Andaa mizani, futi ya fundi cherehani, kitabu chenye jalada gumu, daftari na kadi ya kliniki ya kila mtoto. Usikubali kuambiwa "ana minne na kitu". Bila tarehe ya kuzaliwa, huwezi kujua kama kimo chake kinatosha.

Tunaanza na uzito. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu, si juu ya mkeka. Mtoto avue viatu na sweta, atoe na kokoto mfukoni. Akitulia, soma na uandike kamili: kilo 15.4, si 15.

Sasa kimo. Hapa twende polepole, maana ndipo wengi tunapokosea. Futi imebandikwa wima ukutani, sifuri iko sakafuni. Mtazame binti huyu: visigino, makalio na mabega vimegusa ukuta, macho yanatazama mbele. Lakini nywele zake zimesukwa na kufungwa kishungi utosini. Nikikilaza kitabu juu ya kishungi hicho, nimemzawadia sentimita tatu asizokuwa nazo. Kwa hiyo nakifungua kishungi kwanza, ndipo nakishusha kitabu mpaka kikaguse kichwa. Angalia tena chini... umeona? Kainua visigino. Watoto wanapenda kuwa warefu! Tunaanza upya. Pima mara mbili, na majibu yakipishana sana, pima ya tatu.

Kwa nini nasisitiza hivi? Mtoto wa umri huu huongezeka takriban kilo 2 na sentimita 6 hadi 7 kwa mwaka. Ukikosea sentimita 3, umepoteza karibu nusu mwaka wa kukua kwake. Na udumavu hauonekani kwa macho: mtoto anaweza kuwa na mashavu yamejaa, kumbe ni mfupi kuliko umri wake.

Tukimaliza, tunatoka uwanjani. Usimsimamishe mtoto peke yake mbele ya wenzake, ataganda. Anzisha mchezo, wewe uangalie. Wa miaka mitatu wengi husimama kwa mguu mmoja kidogo tu, wa minne huruka kwa mguu mmoja, wa mitano hukaribia kusimama hivyo sekunde kumi. Kisha wape penseli wanakili maumbo: duara kwa wa mitatu, msalaba kwa wa minne, mraba kwa wa mitano.

Asiyeweza leo, mjaribu tena wiki ijayo, huenda ana njaa au ameamka vibaya. Ila aliyekuwa akipanda ngazi vizuri na sasa hawezi, usisubiri: mwite mzazi leo hii, ampeleke kituo cha afya.

Andika tarehe ya leo kwenye daftari. Baada ya miezi mitatu tunapima tena, kwa mizani hii hii na ukuta huu huu.