Kitanda Hakizai Haramu: Kutafuta Nasaba za Kiingereza kwa Daftari na kwa Damu

Hamjambo nyote, na shikamooni wazee wangu mlioketi huku mbele. Ahsanteni kwa kunialika.

Wengi tuliomo humu tuna watoto ambao nusu ya ukoo wao ni Waingereza. Upande wetu, bibi hukaa mkekani akamhesabia mjukuu mababu saba bila kukwama. Upande wa pili, mtoto akiuliza, jibu huishia kwa babu wa babu, kisha kimya. Nilipoolewa Norfolk nilidhani Waingereza hawajali ukoo. Nilikosea sana. Habari zao wameziandika, zikawekwa kanisani.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko, litunzwe ndani ya sanduku lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa kasisi, wa pili kwa wazee wa kanisa. Watu wakanong'ona kwamba kodi inakuja. Kodi yenyewe ilikuja 1783, peni tatu kwa kila jina linaloandikwa, maskini wakisamehewa, ikafutwa 1794. Madaftari ya mwanzo yalikuwa ya karatasi, nayo yakaanza kuoza. Ndipo 1598 ikaamriwa yanakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, mwaka Elizabeth I alioshika ufalme. Makarani wengi wakaona hiyo ni ruhusa: wakaanza 1558, na miaka ishirini ya nyuma ikapotea. Kila nikifungua daftari linaloanza mwaka huo roho huniuma.

Hata ubatizo wa Shakespeare wa tarehe 26 Aprili 1564, unaosomwa mpaka leo pale Stratford, ni nakala ya karani. Lakini nendeni kwenye maziko ya mwaka uleule, mwezi wa Julai. Pembeni ya jina la kijana mmoja mwanagenzi wa ufumaji kuna maneno matatu ya Kilatini: hic incepit pestis. Hapa ndipo tauni ilipoanza. Ukishayasoma hayo, yale majina mengi yanayofuata huwezi kuyapitia haraka tena.

Sasa niwaonyeshe mtego. Umekuta ndoa ya Aprili 1720, na ubatizo wa mtoto wa kwanza Februari 1720. Utasema mtoto alitangulia ndoa, uanze kumfikiria vibaya bibi wa watu. Lakini kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Februari 1720 yao ilikuja baada ya Aprili 1720, kwa hiyo mtoto yule alibatizwa miezi kumi baada ya harusi. Nimeona watu wazima wakimvunjia heshima marehemu kwa sababu tu hawakujua kalenda.

Mtego mwingine nilinasa mwenyewe. Nilipata ubatizo wa mtoto, jina sahihi, jina la baba sahihi, kijiji sahihi, nikajenga juu yake vizazi vitano. Kazi ya mwaka mzima. Siku moja mama mmoja niliyekaa naye meza moja kwenye chumba cha nyaraka akaniuliza kwa upole, "Maziko umeyatazama?" Sikuwa nimeyatazama. Mtoto yule alizikwa akiwa na wiki sita. Babu yetu alibatizwa parokia ya jirani, na baba mwingine kabisa mwenye jina lilelile. Tangu siku hiyo sikubali mtu yeyote aingie kwenye ukoo kabla sijahakikisha kwamba aliishi.

Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye kitanda, maneno yakome hapo. Sheria ya Kiingereza ilishika njia hiyohiyo: mtoto wa mke wa mtu alihesabiwa ni wa mume. Kasisi hakupima damu ya mtu. Aliandika alichoambiwa na waliosimama mbele yake na maji ya ubatizo. Kwa hiyo daftari la parokia linatoa ushahidi wa kitanda, na tunalisoma hivyo.

Vinasaba, yaani DNA, havina habari na kitanda. Kromosomu Y, fungu la vinasaba walilo nalo wanaume tu, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, njia ileile linayopita jina la ukoo la Kiingereza. Mitokondria, fungu dogo la vinasaba lililo kando, mama huwapa watoto wake wote, ila anayeipitisha mbele ni binti peke yake. Vinasaba vingine vyote hugawanywa nusu kwa nusu na kuchanganywa upya kila kizazi, kama karata. Ndiyo maana husahau upesi. Chukueni jozi kumi za watu, kila jozi ina babu wa babu mmoja: takribani jozi moja haitakuwa na hata kipande kimoja kinachofanana. Ni ndugu kweli kweli, na kipimo kitasema hawajuani. Kwa hiyo mtu akiniambia "tumepima, si ndugu," kwanza namuuliza ni ndugu wa kizazi cha ngapi.

Mfano mkubwa ni Mfalme Richard III. Aliuawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485, akazikwa Leicester, kaburi likapotea. Mwaka 2012 mifupa yake ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester walifuata dada yake, Anne wa York, mama kwa binti, mama kwa binti, mpaka wakamfikia seremala mmoja wa London aliyezaliwa Kanada. Mitokondria ikalingana. Kisha wakafuata upande wa wanaume: watu watano wa kizazi cha Duki wa tano wa Beaufort, aliyefariki 1803, ambao karatasi zao zinapanda moja kwa moja hadi kwa Mfalme Edward III, babu wa babu yake Richard. Hapo hakuna hata mmoja aliyelingana na mfalme. Wanne walilingana wao kwa wao. Wa tano hakulingana hata na hao wanne.

Matokeo yalichapishwa 2014, na magazeti yakashangilia fitina. Mimi nilichopenda ni utulivu wa watafiti. Kati ya Richard na Duki yule kuna viungo 19 vya baba na mtoto, na angalau kimoja kilikatika. Kipi? Vinasaba havisemi, na hakuna karani aliyeandika. Wakaacha hapo, na hiyo ni heshima kwa wanawake ambao hawapo kujitetea.

Mfano wa pili unatugusa sisi. Mwaka 2007 watafiti walichapisha habari za Mwingereza mweupe mwenye jina adimu la ukoo la mashariki ya Yorkshire. Kromosomu Y yake ilikuwa ya tawi la kale sana ambalo kabla ya hapo lilikuwa limeonekana kwa watu wachache wa Afrika Magharibi tu. Wakawatafuta wanaume 18 wenye jina hilo. Saba wakawa nayo. Wakarudi kwenye madaftari, na wale saba wakagawanyika koo mbili, moja ikianzia mtu aliyezaliwa 1788, nyingine 1789. Kuunganisha koo hizo juu zaidi, maandishi yakakataa. Mahali fulani kabla ya hapo kuna baba Mwafrika ambaye wajukuu zake walilima na kuzikwa Yorkshire bila kumjua. Daftari halikumtaja, naye akabaki ndani ya wanawe.

Wala msidhani haya ni ya kale tu. Nanyuki, Kenya, watoto waliozaliwa na wanajeshi wa Uingereza waliokuja mazoezini wametoa mate, vinasaba vyao vikalinganishwa na hazina za kampuni za upimaji, na mahakama ya London imewatambua baba za baadhi yao. Wengine walikuwa wameishi miaka yote na jina la baba na hadithi za mama, basi.

Nimalizie na nyumba yangu. Upande wa mama mkwe kuna babu aliyebatizwa kijijini Norfolk mwaka 1829. Kuanzia 1813 daftari la ubatizo lilichapwa kwa safu: jina la mtoto, majina ya wazazi, makazi, kazi ya baba. Nimeutazama ukurasa huo kwa macho yangu mara nyingi. Majina manane. Saba yana baba. Kwa babu yetu kuna jina la mama tu, na kwenye safu ya kazi, mahali ambapo wengine wameandikwa vibarua na waashi, kasisi ameandika "mwanamke asiyeolewa." Mtoto amepewa jina la kati lisilofanana na jina la mtu. Ni jina la ukoo, la mkulima tajiri wa kijiji kilekile. Wanawake wengi wa Kiingereza walimtaja baba kwa njia hiyo, pale walipozuiwa kusema.

Lakini karatasi za wasimamizi wa maskini wa parokia zinamtoza mwanamume mwingine, kibarua, pesa za kila wiki za kumlea mtoto. Mama alimtaja kibarua mbele ya wakubwa, akamtaja mkulima mbele ya maji ya ubatizo. Nani ndiye? Vinasaba vya mume wangu vimeshachanganywa mno, ushahidi ni mwembamba. Kromosomu Y ndiyo ingekata shauri, na mwenye nayo ni mmoja tu aliyebaki kwenye mstari wa wanaume, mjomba wa mume wangu, mzee wa miaka zaidi ya themanini.

Tulimpelekea kichupa cha mate pamoja na keki. Alikigeuza mkononi muda mrefu, akauliza, "Nikishajua, nitaitwa nani?" Kichupa kipo juu ya kabati lake la sahani, hakijafunguliwa. Hatujamuuliza tena.