Dakta Matondoni na mbwa mhariri

SWABRI: Haya, tumerudi barazani kwetu, Lamu. Leo mwenzangu kaja na cheo kipya. Msalimieni Dakta Matondoni.

HALIMA: Usianze, Swabri.

SWABRI: Nishaanza. Wasomee barua.

HALIMA: Jamani, mwaijua makala yangu ya mafundi wa majahazi wa Matondoni, ile niliyowachosha nayo tangu Ramadhani. Jumatatu usiku nikaituma kwa jarida moja, la "kimataifa" na "la hali ya juu". Leo Alhamisi asubuhi naamka: "Mpendwa Dakta Matondoni, wahakiki wetu wawili wameisifu mno kazi yako." Wamechukua jina la kijiji wakanipa mimi!

SWABRI: Siku tatu! Siku tatu hata jahazi halimaliziki kukalafatiwa.

HALIMA: Na udaktari wenyewe sina, bado nahangaika na uzamili. Chini ya sifa hizo kuna ankara: dola 150, mwisho kesho.

SWABRI: Hawakukurekebisha chochote?

HALIMA: Hata nukta. Na ukurasa wa nne nilisahau neno nililojiandikia kwa rangi nyekundu, "tarehe???" Limepita salama.

SWABRI: Basi nimeandaa mambo matano ya kutazama kabla hujatuma kazi yako popote, usije ukanaswa na majarida ya kitapeli, yanayochapisha chochote mradi ulipe. La kwanza, bodi ya wahariri. Hakikisha watu hao wapo kweli...

HALIMA: Na hakikisha ni watu.

SWABRI: Kaja na mbwa wake tena.

HALIMA: Si wangu, ni wa Mike Daube, profesa wa afya ya jamii huko Perth, Australia. Alimwombea mbwa wake Ollie nafasi kwenye bodi za wahariri, akamwita Dakta Olivia Doll. Mambo yalipofichuka mwaka 2017, majarida saba yalikuwa yamempokea.

SWABRI: Kama ni hivyo, punda wa uwanja wa Mkunguni hapa mjini ni profesa kamili.

HALIMA: Hana mpinzani! Kabeba mawe na saruji vichochoroni tangu utotoni. Huo si utafiti wa nyanjani?

SWABRI: Na hospitali yake iko pale ufukoni. Sisi profesa gani ana hospitali yake?

HALIMA: Hofu yangu ni moja tu, atakubali kila makala.

SWABRI: Punda? Punda akikataa, umvute, umsukume, hasogei. Huyo ndiye mhakiki! Hao wako wawili ndio wasiojua kukataa.

HALIMA: (akicheka) Nimekosa, Profesa Punda anisamehe.

SWABRI: Turudi. Mwaka 2013 John Bohannon, aliyeandikia jarida la Science, alituma makala ya kubuni, makosa yake wazi, kwa majarida 304 yanayosomwa bure, anayelipa ni mwandishi. 157 yakaikubali. Ndiyo maana mimi nataka orodha ya majarida ya kitapeli, yatajwe kwa majina. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, alikuwa nayo. Januari 2017 ikaondolewa mtandaoni, tukabaki gizani.

HALIMA: Hapo sipo nawe. Mtu mmoja kakaa Colorado, atoe hukumu kwa kutazama tovuti? Jarida dogo la chuo cha huku kwetu, tovuti imechakaa, mhariri hana mshahara, litatiwa kapu moja na matapeli.

SWABRI: Wachache watakosewa, watajitetea.

HALIMA: Hao wachache ndio sisi, Swabri.

SWABRI: Na wanaolipa je? Mtu mzima asifiwe kwa siku tatu asishtuke? Anajua. Ananunua cheo.

HALIMA: Ananunua pumzi. Kaambiwa bila makala hapandi cheo, hahitimu. Jarida la Nature lilipofungua mlango wa kusomwa bure mwaka 2021, bei kwa mwandishi ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja. Azitoe wapi, kwenye ngalawa ya babake?

SWABRI: Yako majarida yasiyotoza hata senti.

HALIMA: Na foleni yake mwaka mzima.

SWABRI: Angoje.

HALIMA: We hujawahi kungojewa na karo.

SWABRI: Nimengojewa. Na bado nasema mlipaji ana mkono wake humo.

HALIMA: Na mimi nasema aliyemkwamisha hujamgusa hata kidogo.

(Kimya.)

SWABRI: Haya. Jambo la pili, tazama kama ada...

HALIMA: Adhana hiyo.

SWABRI: Yamebaki manne!

HALIMA: Profesa Punda atawasomea wiki ijayo.

SWABRI: Halima. Ile ankara si ya kesho?

HALIMA: Zima maikrofoni kwanza.